Vitabu viligombaniwa, mwandishi akazama madenini

SWALI: Walter Scott wa Uskoti alivuma kwa riwaya za kihistoria. Kwa nini basi alizitoa bila jina lake? Na vipi mtu anayeuza vitabu kiasi kile azame kwenye madeni?

JIBU: Waverley, riwaya yake ya kwanza, ilipotoka mwaka 1814, Scott alikuwa karani wa Mahakama Kuu huko Edinburgh na mshairi mwenye sifa zake. Riwaya siku hizo ilionekana mchezo tu, haimfai mtu wa mahakama. Ukweli ni kwamba mchezo wenyewe wa kujificha ulimnogea pia, maana aliuendeleza hadi 1827, wakati wengi walikwisha kumjua.

Siri ililindwa hivi. Mswada ulinakiliwa na watu wachache walioaminika, ili wapanga herufi wasiuone mwandiko wake. Prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishia, zilipigwa nakala mbili. Moja alipelekewa Scott, akasahihisha; James Ballantyne, mwenye kiwanda cha uchapaji, akahamishia masahihisho yote kwa mkono wake kwenye nakala ya pili. Hiyo ya pili ndiyo iliyoingia kiwandani.

Ila Ballantyne hakuwa mchapaji tu. Scott alikuwa mbia wake wa chinichini, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Kiwanda kiliendeshwa kwa hati za ahadi: Ballantyne anaandika hati, mchapishaji Archibald Constable anaisaini, benki inatoa fedha leo baada ya kukata riba yake, na deni linadaiwa miezi kadhaa mbele. Siku ikifika na fedha hakuna, inaandikwa hati nyingine ya kulipia ile ya kwanza. Juu ya hayo, Scott alikuwa akiuza riwaya ambazo hajaziandika, nyingine hata jina hazina, na fedha akizimalizia kwenye jumba na mashamba yake ya Abbotsford.

Mwisho wa 1825 mabenki ya Uingereza yalitikisika, yakakataa hati mpya. Januari 1826 wakala wa Constable jijini London akaanguka, akamvuta Constable, naye akamvuta Ballantyne. Ubia wa namna ile haukuwa na kikomo cha dhamana: mbia alidaiwa deni zima, si fungu lake tu. Scott akajikuta na deni la takriban pauni 120,000.

Angeweza kutangaza ufilisi. Alikataa, akaweka mali yake na mapato ya kalamu yake mikononi mwa wadhamini wa wadai, akaandika. Maisha ya Napoleon, juzuu tisa, yalitoka 1827. Alifariki Septemba 1832 deni likiwa halijaisha. Bima ya maisha yake na fedha zilizopatikana kwa kuweka rehani haki miliki za vitabu ndizo zilizolimaliza.

SWALI: Je, mwanafunzi wa historia aziamini tarehe za riwaya za Scott?

JIBU: Asiziamini bila kupima. Chukua riwaya yake Kenilworth. Sherehe za Malkia Elizabeth wa Kwanza zinazoelezwa humo ni za mwaka 1575, na Amy Robsart, mke wa kipenzi wa malkia, Robert Dudley, yumo, hai. Amy halisi alikufa 1560. Shakespeare naye anatajwa kama mtunzi anayejulikana, ilhali mwaka ule alikuwa na miaka 11! Kipimo ni rahisi: andika mwaka wa kisa, kisha kwa kila mtu halisi andika mwaka aliozaliwa na aliokufa. Dakika kumi zinatosha kuona palipopindishwa.

Kwa maoni yetu Scott ni imara zaidi anaposimulia Uskoti ya karne ya 18, kwa kuwa ujanani aliwahi kuzungumza na wazee waliopigana katika uasi wa 1745 wa kutaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme. Ivanhoe, ambayo kisa chake ni cha Uingereza ya mwaka 1194, ni ya vitabuni zaidi: uhasama wa Wasaksoni, wenyeji wa Uingereza, na Wanormani waliotoka Ufaransa kuwatawala, umekolezwa mno kwa kisa cha zaidi ya miaka mia baada ya uvamizi wa Wanormani wa 1066.

Ukianza na Waverley, vumilia. Mhusika mkuu haingii Uskoti mpaka sura ya 7, na zile sita za kwanza ni nzito.