Wewe unayeacha Jumatatu

Juzi msomaji mmoja, bila kutaja kilevi chake, aliniandikia: "Kaka, naacha Jumatatu. Hospitali sitaki, nitajifungia ndani mpaka iishe." Ujumbe ule nimeurudia mara nne. Dada, mimi nilikuwa na Jumatatu nyingi kuliko wewe.

Yangu yalianza na mguu uliovunjika. Niliandikiwa tramadoli, vidonge vya maumivu vya jamii moja na heroini; mguu ukapona, vidonge vikabaki. Nikawa nazunguka kwa daktari huyu, kesho kwa yule, na maumivu ya kutunga niliyajua vizuri kuliko yale ya kweli. Moyoni nikijitetea: mimi si teja, hii ni dawa. Kumbe hata heroini, Bayer waliiuza tangu 1898 kama dawa ya kikohozi.

Halafu arosto, mateso ya mwili ukikata dawa. Asiyeijua hudhani ni hamu tu. Inaanza na miayo, unapiga mfululizo kama mtu aliyekesha. Machozi, kamasi, vinyweleo vinasimama, tumbo linaharisha, miguu haitulii kitandani. Siku ya tatu nililala sakafuni bafuni, shavu kwenye kigae kwa sababu ya ubaridi wake.

Lakini nikavuka. Wiki tano safi! Nikajiona shujaa, nikawa nahubiria hata wavuta sigara, langu nikiwa nimelificha.

Wiki ya sita tukagombana nyumbani, nikameza idadi ileile niliyoizoea. Ileile. Mke wangu anasema nilitetemeka mwili mzima, kisha pumzi zikaanza kuhesabika. Mwanangu alikuwa mlangoni.

Shika hili basi: ukishaacha, mwili unasahau upesi, na kipimo chako cha zamani kinageuka sumu. Ndiyo maana aliyetoka jela au kwenye matibabu yuko hatarini kuliko alivyokuwa akitumia kila siku. Waliopo nyumbani waulizie naloksoni, inamzindua aliyezidisha heroini au vidonge vya jamii yake.

Na kama chako ni pombe, au vidonge vya usingizi kama Valium, kujifungia ndiyo usijaribu kabisa. Mtu aliyezama akikata ghafla anaweza kupata kifafa, akaweweseka, akafa. Hao hushushwa polepole, mtu wa afya akiwa karibu. Kwa heroini na jamii yake kuna methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala yake. Watakuambia umebadilisha ulevi kwa ulevi. Nimeyasikia sana hayo, tena kwa watu wasiowahi kulala bafuni.

Mwambie mtu mmoja. Usijifungie. Nasema tena, usijifungie! Kiburi changu cha kujifungia ndicho kilichoniangusha wiki ya sita, maana hakuna aliyejua nimeacha, kwa hiyo hakuna aliyejua nimerudi.

Nyumbani bado hawaniamini, na inaniuma, sitaficha. Usiku wa majuzi nilimkuta mke wangu jikoni, kichupa cha dawa ya mtoto mkononi, midomo ikicheza kimyakimya: nane, tisa, kumi. Hakuniona. Nikarudi chumbani kwa ncha za vidole, nikamwacha amalize kuhesabu.