Kutafuta kikundi cha kuacha pombe Nairobi: angalia saa na njia kwanza

Wiki jana dada mmoja wa Kariobangi amenitumia meseji, anauliza bwana yake ataanzia wapi kuacha pombe, pesa ya kumpeleka kituo cha kurekebisha tabia hakuna na kanisani washamwombea mpaka wamechoka. Nilimjibu inboksi lakini jibu likawa refu, na najua wengi mnaosoma hapa mnataka hicho hicho, kuamka jumatatu kichwa ikiwa sawa, kwa hivyo wacha niliweke hapa.

Mimi nilikuwa mtu wa mzinga. Si ya wikendi, ya kila siku, asubuhi lazima nitoe loki ndio mikono itulie nishike hata kikombe. Familia ikafanya harambee nikapelekwa kituo fulani nje ya Nairobi, jina sitaji, tukala githeri, tukaimba, tukalala, muda ulipoisha nikapewa cheti na nauli ya matatu. Hakuna hata mmoja aliniuliza jioni ikifika nitakaa wapi. Na kati ya steji na kwetu kuna baa nne, yaliyofuata mnayajua. Hadi leo kuna binamu yangu kila hafla lazima aikumbushe ile harambee ati alitoa elfu mbili. Nilimrudishia. Bado anasema.

Sasa AA, yaani Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Watu wakisikia wanadhani ni kanisa ama ni mambo ya wazungu. Ni kweli ilianzia Marekani, 1935, Akron kule Ohio, walevi wawili, mmoja wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wakaona wakikaa wakaongea hamu inapungua. Lakini hakuna kiingilio, sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Kikapu kinapitishwa, mwenye hamsini anaweka, asiye nayo anampa jirani, hiyo ni ya chai na kodi ya chumba. Ni kama chama tu ila huku hakuna faini ya kuchelewa na hakuna atakayekuja kubeba sufuria zako.

Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango nipate kutoroka. Ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, thamosi ya chai kifuniko hakikazi jamaa anaishikilia na kitambaa akimimina. Kando yangu soja na yunifomu yake, anaenda zamu ya usiku. Akasema alikuwa anaficha robo ndani ya gambuti (amenikubalia niandike hii, manake ya kule hubaki kule). Watu wakacheka, na mimi yangu ilikuwa inakaa kwa tangi la choo na sikuwa nimewahi kuambia mtu yeyote.

Ushauri wangu ndio huu, tafuta kikundi kinachokutana saa ile ulikuwa unakunywa. Sheria ya 2010, ile tunaita ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, inasema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na hata baada ya ile loki ya asubuhi kuisha hiyo saa ndio mwili wangu ulikuwa unaamka. Nilianza na kikundi cha jumamosi asubuhi, watu wazuri ajabu, lakini saa nne asubuhi mimi nilikuwa sina shida na mtu. Nikahamia kimoja cha katikati ya jiji kinaanza saa kumi na mbili jioni. Kikiisha jam imepungua, napanda gari, nashuka steji ya mbele nazunguka na upande wa shule, zile baa nne sizioni. Njia ya kurudi nyumbani ipange kabla hujatoka nyumbani.

Ila kama ni mtu wa kila siku kama mimi asikate ghafla akiwa peke yake kwa nyumba. Kutetemeka, jasho, anaweza kushikwa na kifafa ama aone vitu havipo, hasa zile siku mbili tatu za kwanza, na watu hufa hivo. Hospitali kwanza, Mathari wanashughulikia hayo. Kama hujui kwa kuanzia piga 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni bure, uliza pia kuhusu vikundi vya karibu na kwenu. Na nyinyi mabibi na wamama msisahauliwe, kuna Al-Anon, ya familia za walevi, ipo tangu 1951, unaenda hata kama yeye amekataa. Mikutano ya AA mingine ni ya wazi unaweza kuingia naye, ile ya kufungwa ni ya wenye shida ya pombe peke yao, kwa hivyo uliza kabla.

Kinachonikasirisha ni mtu kwenda mara moja akarudi ati "haikunifaa". Ulienda baa moja usiipende ukaacha pombe? Si ulijaribu ya pili! Basi jaribu na huku. Chukua namba ya mtu, mpigie kabla ya kunywa si baada, acha kiburi, fika mapema usaidie kupanga viti. Sai mimi ndio nakaa na funguo za ule ukumbi, mimi huyu ambaye kwetu walikuwa wanaficha hadi pesa ya maziwa.

Na ijumaa ya mwisho wa mwezi usikose mkutano hata mvua inyeshe vipi, mshahara umeingia, marafiki wa zamani wanapiga simu. Lipa kodi ya nyumba kabla hujatoka kazini, bakisha nauli, simu uizime.