Sindano ya kufungua kifua kabla ya safari ya Ulaya: mfamasia ajibu

Swali: Mwanangu wa miaka 19 anakwenda Ulaya mwezi wa Januari kushindana mbio za baiskeli za uwanjani, na tunaambiwa huko theluji inaanguka. Anayemfundisha amesema apigwe sindano ya kufungua kifua siku mbili kabla ya safari, ameze antibiotiki ya siku tatu akiwa njiani, kisha abebe dawa ya maji ya kikohozi na vidonge vya mafua. Je, dawa hizo zinatosha kumkinga na nimonia, kwa kuwa hajawahi kutoka Pwani? (Mama, Kisauni, Mombasa)

Jibu: Mama, dawa hizo hazimkingi na nimonia, na baadhi yake zinaweza kumfungia michezo kabla hajazunguka uwanja hata mara moja. Nalisema wazi kwa sababu swali lako hunifikia dirishani kila kijana wa hapa Mombasa anapopata safari ya nje, awe mchezaji wa mpira, mwanariadha au mwendesha baiskeli: familia huja kununua dawa ya baridi kabla ya kununua koti.

Hakuna dawa ya kuzuia baridi, kwa kuwa baridi si kijidudu. Mafua huletwa na virusi, ambavyo hupita kwa mate, kwa chafya na kwa mikono, na miezi ya baridi huvisaidia kuenea hasa kwa sababu watu hujifungia ndani pamoja katika hewa kavu. Antibiotiki huua bakteria, wala haigusi virusi hata kidogo. Mtu mzima wa afya anayemeza antibiotiki ili kujikinga haweki ukuta wowote kifuani. Anaua bakteria wenye manufaa tumboni, anaweza kuanza kuhara ndani ya ndege, na anawazoesha bakteria wabaya dawa ambayo huenda siku moja akaihitaji kuokoa maisha yake. Wako wanaopewa siprofloksasini kwa kazi hiyo hiyo, dawa inayojulikana kwa miaka mingi kuweza kudhuru kano, hasa ile kubwa ya kisigino, na sielewi ni vipi mtu anayeishi kwa kusukuma pedali angetaka kuichezea.

Isitoshe, aliyewashauri hakufikiria mahali mbio zenyewe zinapofanyika. Majira hayo mbio za uwanjani huendeshwa ndani ya velodromu, yaani ukumbi uliojengwa kwa mbio za baiskeli, kwenye njia ya mbao ambayo kwa kawaida ina urefu wa mita 250, na waandaaji hupasha hewa ya ukumbi kwa makusudi, kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi na humpunguzia mwendeshaji ukinzani. Katika Olimpiki za London mwaka 2012 ukumbi ulipashwa hadi nyuzi 28 hivi. Kwa hiyo mwanao atashindana katika joto analolijua, na theluji ataikuta mlangoni.

Huenda hata hivyo akakohoa, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Mtu anapomaliza mbio za kufukuzana za kilomita 4 kwa nguvu zake zote, amevuta hewa kavu nyingi kiasi kwamba njia za pumzi hukauka na kuwasha, hivyo kikohozi humshika kwa muda hata akiwa mzima kabisa. Hiyo si nimonia. Akisikia kifua kikibana au kikitoa mluzi dakika tano hadi kumi na tano baada ya mazoezi makali, basi apimwe kifua na daktari hapa nyumbani kabla ya safari, wala asisubiri afike kule.

Dawa ya maji ya kikohozi ndiyo inayonitia hofu kubwa, kwa sababu watu huiona kama sharubati ya watoto. Nyingi kati ya zile zinazouzwa madukani mwetu zina salbutamoli au terbutalini, dawa za kupanua njia za pumzi, na kwa mwanamichezo salbutamoli ya kunywa, iwe ya maji au ya vidonge, imekatazwa na sheria za dawa michezoni wakati wote, siku za mbio na siku za kawaida. Ile ya kuvuta kwa mdomo inaruhusiwa kwa kipimo tu: isizidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na katika saa 8 zozote isizidi mikrogramu 600. Terbutalini haina ruhusa ya aina hiyo, hata ya kuvuta, isipokuwa kwa kibali maalumu cha matibabu.

Sindano inayoitwa ya kufungua kifua mara nyingi ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kama vile deksamethasoni. Tangu tarehe 1 Januari 2022 steroidi za aina hiyo zinazodungwa, popote zinapodungwa mwilini, zimekatazwa wakati wa mashindano, na baadhi yake hukaa mwilini muda mrefu: triamsinoloni ikidungwa kwenye msuli, mwanamichezo hutakiwa kungoja siku 60. Dripu ya kuongeza nguvu, ambayo vijana wengi huifuata usiku wa kuamkia safari, nayo imekatazwa wakati wote ikizidi mililita 100 katika saa 12, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali.

Vidonge vya mafua vina hatari mbili. Vingi vina klorofeniramini, dawa ya mzio, ambayo haikukatazwa lakini huleta usingizi, na mwanao atakuwa juu ya baiskeli isiyo na breki, katikati ya kundi, kwenye kona iliyoinuka zaidi ya nyuzi 40. Vingine vina pseudoefedrini, dawa ya kuzibua pua, ambayo siku ya mbio haitakiwi kuzidi mikrogramu 150 katika kila mililita ya mkojo, na siku hiyo kisheria huanza dakika moja kabla ya saa sita ya usiku uliotangulia. Mwaka 2000 mjini Sydney, Andreea Răducan wa Romania, msichana wa miaka 16, alinyang'anywa medali ya dhahabu ya mazoezi ya viungo kwa ajili ya pseudoefedrini iliyokuwa katika kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu yake mwenyewe. Mwaka 2002 Alain Baxter wa Uingereza alipoteza medali ya shaba ya kuteleza kwenye theluji baada ya kununua Marekani dawa ya kunusa yenye jina lile lile alilolizoea kwao, bila kujua kwamba viambato vyake ni tofauti. Kwa hiyo asinunue kitu huko kwa kutambua jina la pakiti tu.

Sindano ninayoiunga mkono ni moja, chanjo ya influenza, nayo ipigwe angalau wiki mbili kabla ya kuondoka, kwa kuwa kinga huhitaji muda huo kujengeka. Abebe parasetamoli tupu, nguo kavu za kubadilisha mara tu anaposhuka kwenye baiskeli, na afike siku kadhaa mapema kwa sababu theluji huchelewesha ndege. Akipata homa, asishindane.

Kwa wazazi na wafundishaji wengine wanaosoma: katika sheria za dawa michezoni, kilichokutwa mwilini ni cha mwanamichezo mwenyewe, na kusema "mwalimu alinipa" hakufuti kosa. Adhabu ya kufungiwa michezo huweza kufika miaka 2, na kwa aliyekusudia miaka 4. Hata miraa na muguka zina kathinoni, kichangamshi ambacho kimekatazwa wakati wa mashindano, ilhali wapo wanaowapa vijana ili wasisinzie safarini. Mtu anayedunga watoto wa watu dawa asiyoitaja jina hatakuwa pamoja nao chumba cha kupimia mkojo. Kama kijana amekwisha kudungwa, itafuteni chupa leo, nakilini jina la dawa, kipimo na tarehe, mumpelekee daktari wa timu kabla ya siku ya mbio. Na kama aliyedunga anakataa kuonyesha chupa, mwelezeni daktari hilo pia.