Nakala hazijifuti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasimamia kompyuta katika ofisi moja hapa Kigoma mjini. Nimeandika skripti ndogo ya kunakili kumbukumbu za wateja kila usiku na kufuta nakala zilizozidi siku saba. Wiki iliyopita nakala zote zilipotea, nikamwandikia bosi: "Skripti ilijiendesha yenyewe saa mbili usiku na nakala zikajifuta." Amenirudishia taarifa, neno "skripti" kalikata kwa kalamu nyekundu, anataka niandike "hati ya amri". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Mwanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa neno hilo uko sahihi wewe, na nitalimaliza upesi. Skripti asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuandika. Kwa Waingereza likawa, pamoja na mengine, maandishi anayoyafuata mwigizaji. Na kompyuta nayo hupewa maandishi, ikayafuata mstari kwa mstari. Sema skripti hii, skripti hizi, bila kulibandika ma-. Hati ilitoka kwa Waarabu na tayari ina kazi za kutosha: hati ya kiwanja, hati ya kusafiria, mtu mwenye hati nzuri. Bosi wako kamfukuza mgeni wa juzi, kamkalisha mgeni wa zamani. Skripti libaki.

Lakini kalamu nyekundu imeliruka kosa lenyewe. "Nakala zikajifuta"! Hapa siwezi kunyamaza. Mwaka mzima nasoma taarifa za namna hii: mfumo umejifunga, kumbukumbu zimejifuta, nywila imejibadilisha, na ile changamoto ambayo kila siku "imejitokeza". Kila kitu ofisini kina mikono na nia yake, isipokuwa watu wanaolipwa mshahara.

Nenda Kibirizi asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikiingia. Wavu ukiwa na tundu, mvuvi mmoja atakwambia "umechanika". Huyo anakueleza hali ya wavu tu. Labda ni jiwe, labda ni uchakavu, hajui. Mwingine atakwambia "umechanwa". Sogea karibu, maana huyo anaamini yupo aliyeuchana, na kabla chai haijapoa utamsikia akitajwa jina. "Umejichana" hutaisikia, hata kwa mtoto anayechezea mchangani. Tofauti ya "umechanika" na "umechanwa" imebebwa na silabi moja, na kwa mvuvi silabi hiyo ndiyo inayoamua kama atachukua uzi na sindano au ataenda kudai fidia kwa jirani.

Sasa chukua kitenzi chako, futa. Nakala zimefutika: hazipo, na sijasema kwa nini. Nakala zimefutwa: yupo aliyefuta, hata kama sijamtaja. Nakala zimejifuta: zenyewe ndizo zilizofuta, na zenyewe ndizo zilizofutwa. Ile -ji- inarudisha tendo kwa mtendaji, kwa hiyo inadai mtendaji anayeweza kutenda. Vijana wanalijua hili vizuri kuliko wanaoandika taarifa. Wanaposema fulani "amejizima data", yaani anajifanya hajui, -ji- imekaa mahali pake hasa, kwa sababu mwenye kujizima ana akili na amekusudia.

Nitaambiwa simu inajizima na mlango unajifunga. Sawa. Huko mtaani nimechoka kugombana, na hakuna anayeumia kwa simu kujizima. Kwenye taarifa ya usalama wa kumbukumbu anaumia mtu.

Nimemwona. Miaka kadhaa nyuma niliitwa katika ofisi moja kunyoosha lugha ya ripoti iliyosema kumbukumbu "zilijifuta saa mbili usiku". Wakubwa wakasoma. Hakuna aliyekubali kwamba kumbukumbu zinajifuta, basi akatafutwa wa kuzifuta. Na aliyekuwa na funguo saa mbili usiku alikuwa mama mfanya usafi. Alihojiwa siku mbili, mama wa watu ambaye hajawahi kuishika ile kompyuta ila kwa kitambaa cha vumbi. Nikaomba nioneshwe skripti. Nikaoneshwa kwanza mstari wa ratiba, kwenye cron, ile programu inayoamsha kazi kwa saa zilizopangwa na ambayo jina lake linahusishwa na neno la Kigiriki la wakati. Mstari unaanza na nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. Uliandikwa hivi: 0 2 * * *. Sifuri, mbili, na nyota tatu, yaani kila siku.

Ile mbili siyo saa mbili yetu! Cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo mbili yake ni saa nane usiku, mama yule akiwa kwake amelala na ofisi imefungwa. Chini zaidi, kwenye amri ya kufuta, palitakiwa pasomeke /nakala/zamani. Mwandishi aliacha nafasi moja baada ya mkwaju (ile alama /) wa pili: /nakala/ zamani. Kwa kompyuta hivyo ni vitu viwili, na cha kwanza ni folda nzima. Iliambiwa ifute, ikafuta.

Na wewe, mwanangu, umeandika "saa mbili usiku" ileile. Fungua ratiba yako uitazame. Ukikuta 2, ni saa nane. Na kama kompyuta imewekwa kwa saa ya dunia badala ya saa ya Tanzania, ongeza tatu, itakuwa saa kumi na moja alfajiri. Hata "ilijiendesha yenyewe" ifute. Skripti iliendeshwa na cron, na cron ilipangiwa na wewe. Hakuna aibu katika kusema hivyo. Aibu ni kumwachia mlinzi wa zamu aeleze alikuwa wapi saa mbili.

Kisha tazama ule mstari wa kufuta, herufi kwa herufi, na uandike upya: "Skripti niliyoiandika iliendeshwa na cron saa nane usiku kama nilivyoipangia, ikafuta nakala zote kwa sababu…" Hapo kwenye nukta utajaza ulichokikuta. Usipokikuta, andika "nakala zimefutika, natafuta chanzo"; ndiyo kazi ya -ik-. Weka jina lako chini, mpelekee bosi, na neno skripti uliache palepale.