Nyanya za kuwahi mvua ya Septemba: anza na kitalu, kisha mbegu

SWALI: Bwana shamba, nalima nyanya Rubondo, huku Nakivale wilayani Isingiro, Uganda, kwenye kipande nilichokodi cha mita 10 kwa 20. Mwaka jana mvua ilipoanza katikati ya Septemba niliatika mbegu za Money Maker, na katikati ya Oktoba nikahamishia miche shambani. Desemba mwanzoni mvua ikakatika. Matunda yalikuwa mabichi, mengine bado maua. Nilivuna mabeseni matatu tu. Ndugu yangu aliye Edmonton, Kanada, anasema kwao majira ya kulima ni mafupi lakini wana nyanya zinazoiva kwa siku 50, Early Girl na Sub-Arctic Plenty. Anataka kunitumia mbegu ndani ya bahasha. Nizipokee? Na kama hapana, nipande aina gani iwahi kuiva?

JIBU: Mama, pole kwa hasara, na asante kwa kuniandikia tarehe. Wakulima wengi huniambia "mvua iliwahi kukatika" bila kusema waliatika lini, nami nashindwa kuwasaidia. Tarehe zako zinatosha kujibu nusu ya swali.

Nianze na Edmonton. Siku 50 zinazoandikwa kwenye pakiti ya Early Girl hazihesabiwi tangu mbegu iingie udongoni. Zinahesabiwa tangu mche uhamishiwe bustanini. Huko baridi inayoua mmea huondoka mwezi wa Mei na kurudi Septemba, kwa hiyo watu huatika mbegu ndani ya nyumba, dirishani au chini ya taa, wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhamisha. Jumlisha: ni kama siku 100 tangu mbegu hadi tunda jekundu. Tena mwezi wa Juni Edmonton hupata mwanga wa saa 17 kwa siku. Sisi huku karibu na ikweta tuna saa 12, Januari hadi Desemba. Usitarajie namba ile ile ifanye kazi Isingiro.

Sub-Arctic Plenty sifa yake kubwa ni kushika matunda kwenye baridi ambayo nyanya nyingine huangusha maua. Baridi hiyo Nakivale hamna. Zote mbili ni nyanya za bustani ya nyumbani, na hakuna iliyotengenezwa kwa ajili ya mnyauko wa bakteria unaomaliza mashamba yetu. Halafu kuna sheria: mbegu kutoka nje huingia Uganda kwa kibali cha Wizara ya Kilimo pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Sheria hiyo ina sababu, maana kuna virusi vya nyanya vinavyosafiri juu ya ganda la mbegu, na bahasha moja inaweza kuwaharibia majirani zako wote. Mshukuru ndugu yako, mwambie asitume. Kitu cha kujifunza kwao ni ile desturi ya kuwa na miche tayari kabla majira hayajafunguka.

Hapo ndipo mwaka jana ulipopoteza mwezi mzima. Uliatika mvua ilipoanza, na miche ikakaa kitaluni siku 30 huku mvua nzuri ikinyesha kwenye shamba tupu. Money Maker huhitaji siku 80 hivi tangu kuhamishwa, kwa hiyo tunda lako la kwanza lingekuwa jekundu mwanzoni mwa Januari, katikati ya kiangazi. Hata ungepanda aina ya siku 70, ungeokoa siku 10 tu. Kuatika katikati ya Agosti kunakuokolea siku 30 kwa mbegu yoyote ile.

Najua utaniuliza maji ya Agosti yatatoka wapi. Tupige hesabu pamoja. Kipande chako kina mita za mraba 200. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mche na mche, ni miche kama 530. Miche 600, ikiwemo ya akiba, hutosha kwenye tuta la mita 1 kwa 3, na tuta hilo linakunywa jerikeni moja ya lita 20 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Sasa chukua miche hiyo hiyo 530 ikiwa shambani mwezi wa Desemba, yenye matunda. Ukiipa lita moja tu kila mmoja, ni jerikeni 26 kwa mkupuo mmoja, na keshokutwa unarudia. Jerikeni moja ya Agosti inabebeka.

Kuhusu aina, la kwanza kutazama ni kama ni nyanya fupi au ndefu. Ndefu huendelea kurefuka na kutoa maua mapya juu, huku ya chini yakiiva kidogo kidogo kwa miezi. Money Maker ni ndefu, Anna F1 pia. Ni nyanya nzuri kwa mwenye maji ya uhakika au nyumba ya plastiki. Wewe unayetegemea mvua chukua fupi: hufika kimo chake, hutoa maua mengi kwa pamoja, na sehemu kubwa ya mavuno hutoka ndani ya wiki tatu au nne. Katika maduka ya pembejeo ya Mbarara utakuta Roma VF, Cal-J na Rio Grande, ambazo ni mbegu za kawaida, pamoja na chotara, yaani mbegu za kuchanganya aina mbili, kama Assila F1 na Kilele F1. Zote hizi huanza kuiva kati ya siku 75 na 85 tangu kuhamishwa, Rio Grande ikichelewa kidogo. Nyanya zile ndogo kama zabibu ndizo huwahi kuliko zote, lakini mchuuzi wa sanduku hazitaki.

Usishangae kwamba tofauti kati yao ni ndogo. Ua likishafunguka na kushika, tunda la kawaida huhitaji siku 45 hadi 50 ili liive, na hakuna mbegu inayoruka kipindi hicho. Nyanya inayowahi hupata faida yake mapema zaidi: hutoa shada la kwanza la maua baada ya majani 6 au 7, ile inayochelewa baada ya 10 au zaidi.

Ndiyo maana mimi natazama ugonjwa kabla ya siku. Herufi zilizo kwenye pakiti zina maana. V na F ni ustahimilivu wa minyauko miwili ya ukungu, N ni minyoo fundo ya mizizi, na TYLCV ni ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa manjano unaoletwa na inzi weupe. Mnyauko wa bakteria ni jambo jingine, na VF haiuzuii. Je, mwaka jana kuna mche ulionyauka ghafla ukiwa bado kijani? Ukiuona tena, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukitoka uzi mweupe kama maziwa ndani ya dakika chache, ndio huo. Hakuna dawa ya kupuliza. Hama kipande hicho, panda mahindi au maharage, na ukilazimika kurudi na nyanya tafuta MT 56, inayojulikana hapa kwetu kwa kuustahimili. Kama ardhi yako ni salama na fedha inaruhusu, ningechukua Assila. Fedha ikibana, Roma VF au Cal-J, tena gramu 3 zinatosha, kwa sababu gramu moja ina mbegu kama 300. Mbegu ya chotara usiikamue kwenye tunda kwa msimu ujao, haitazaa kama mama yake.

Kitaluni, atika nusu Agosti 15 na nusu nyingine Agosti 25, kwa sababu mvua haina miadi. Fuata pia utabiri wa msimu unaotolewa na watabiri wa hali ya hewa wa Uganda. Weka kivuli chepesi cha nyasi, kisha wiki ya mwisho kiondoe na upunguze maji ili miche izoee jua. Mche mzuri wa kuhamisha una wiki nne, majani manne au matano, na shina nene kama penseli. Ukizidisha kwenye tuta lililobanana hadi wiki sita, hudumaa, hutoa maua mawili matatu na kukoma. Lakini ukiwa na muda, chukua miche hata 100 uihamishie kwenye vifuko vya nailoni vyenye udongo na samadi iliyooza. Hiyo inaweza kungoja wiki sita bila kudumaa na kuingia shambani ikiwa na vichomozo vya maua, na ndiyo itakayokupa nyanya za kwanza sokoni.

Usihamishe kwa mvua ya kwanza, mara nyingi hufuatwa na wiki kavu. Chimba: unyevu ukiwa umeshuka kina cha kiganja, hamisha jioni. Kila shimo liwe na konzi mbili za samadi na kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, ukichanganye na udongo. Wiki ya nne weka kizibo cha mbolea ya CAN pembeni ya shina. Urea nyingi inarudisha nyuma kila ulichookoa, mmea unanenepa majani na maua yanachelewa. Tandaza nyasi kavu mapema, wakati udongo bado una maji ya kuhifadhi. Mvua za Oktoba huja na ukungu wa majani, hivyo anza kupuliza mancozeb, dawa ya ukungu, kabla hujaona doa, na heshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye pakiti.

Kwa tarehe hizi, mche uliohamishwa Septemba 14 wa aina ya siku 75 utakupa tunda la kwanza jekundu karibu na Novemba 28. Ua linalofunguka baada ya Novemba 5 halina muda wa kuiva kabla ya Krismasi, kwa hiyo likate, chakula kiende kwenye matunda yaliyopo.

Na yale mabichi yatakayobaki mvua ikikatika, usiyaache yakauke kama mwaka jana. Pasua moja kwa kisu kikali: mbegu zikiteleza ndani ya ute bila kukatika, wenzake wa ukubwa huo wamekomaa. Yachume, uyapange kwenye sanduku kivulini pamoja na ndizi bogoya mbivu chache, ufunike kwa gazeti. Hewa inayotoka kwenye ndizi itayaivisha. Yaliyokwisha kupiga wekundu kitakoni hayahitaji hata ndizi, siku tatu hadi tano ndani ya nyumba yanatosha.