Matawi ya hadithi yasikumeze

Dada, pole. Unasema hadithi yako inampa msomaji njia mbili kila kituo, umefika chaguo la tano na tayari una miisho 32. Hesabu hiyo ukiiacha, chaguo la kumi litakudai miisho 1,024. Hata ukoo mzima ukikusaidia hamtamaliza.

Dawa ni kuzikutanisha njia. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal, Kanada, banda la Czechoslovakia lilikuwa na filamu ambayo watazamaji walibonyeza vitufe kuamua kifuate nini. Kumbe wachague watakavyo, matawi yalirudi kwenye tukio lilelile!

Ila kwako kila chaguo liache alama. Tuseme binti wa hadithi akitoroka au akibaki, njia zote zifike msibani, sawa, lakini aliyetoroka mama mkwe ampokee shingo upande. Andika daftarini nani anajua siri gani, pesa imebaki kiasi gani. Na lile chaguo la kupita kulia au kushoto lifute, halimuumi mtu. Mwache msomaji aamue binti amlipie mdogo wake ada au akomboe shamba la marehemu baba, uone wasomaji watakavyogombana.