Nyumba ya kupangisha Malindi: angalia chumvi kwanza, bei baadaye

Nina nyumba nne za kupangisha huku Muyeye, kiwanja alituachia marehemu baba nikajenga pole pole, na miaka mitatu ya mwanzo kodi karibu yote ilikuwa yarudi hadiwea. Mwezi huu kitasa, mwezi ujao mfereji, mwezi wa tatu bawaba zimeshikana kutu mlango haufungi. Nikawa nawalaumu wapangaji, kumbe wala, ni mimi nilonunua vitu visivyoweza kukaa karibu na bahari.

Huku adui ni chumvi. Iko kwenye upepo, kusi ikivuma asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo cha dirisha unaiona, na iko kwenye maji pia manake maji ya mfereji yatoka Baricho kule Mto Sabaki, na yakikatika sote twarudi visimani na visima vingi maji yake ni ya chumvi.

Kilichonifunza ni mfereji wa jikoni. Saa nne usiku mpangaji akanipigia, "Mama, mfereji umekatika, maji yashaingia chumbani", nikamwambia funga valvu, akasema valvu haizunguki. Nikachukua boda mpaka kule nikaenda kufunga kule juu kwenye tangi, nikakuta godoro lake limelowa chapachapa na watoto wamekaa juu ya meza. Godoro nililipa, ilikuwa haki yake. Asubuhi nikautazama ule mfereji, umekatika shingoni, nje wang'aa kama mpya lakini ndani ni kijivu, ukikwaruza kwa kucha unga watoka. Na dukani niliambiwa ni brasi, ile aina ya shaba ya njano.

Siku hizi sinunui kabla sijafungua kile kichujio cha mdomoni nikachungulia kwenye nyuzi za kukazia, nikiona njano ni brasi, nikiona kijivu naurudisha. Pia upime mkononi, brasi ni nzito. Paipu nimeng'oa za chuma zote nikaweka PPR, zile za plastiki, hapo hata sitaki mjadala.

Skrubu na bawaba mimi hubeba sumaku ndogo kwenye pochi, ikinata ile "stenlesi" naiacha hapo hapo, mara nyingi ni chuma kilichopakwa tu. Isiponata bado uliza namba ya aina ya stenlesi, kwa vitu vya nje vinavyopigwa na upepo wa bahari tafuta 316, ina madini ya molibdenamu ndani na chumvi haiili upesi kama 304. Ni ghali, najua, lakini bawaba ni tatu tu kwa mlango. Na waya wa mbu weka wa faiba, ule wa chuma utaoza.

Milango ya choo ndo iliyonisumbua sana, ile ya plaiwudi yavimba chini. Fundi akipaka rangi hupaka pande mbili akaacha ukingo wa chini manake hauonekani, na maji yanaingilia hapo hapo. Mwambie aushushe mlango apake na chini, na usiondoke mpaka umeona kwa macho yako.

Kama bado unajenga tafadhali usikubali mchanga wa pwani wala maji ya chumvi kwenye zege, hata ukiambiwa ni bei rahisi. Nondo zitashika kutu, kutu huvimba, na zege litapasuka kutoka ndani, hiyo hakuna rangi ya kuificha. Na ndugu zangu wa Lamu wenye nyumba za mawe za zamani, msizipige plasta ya simiti jamani, ule ukuta wataka chokaa upumue, ukiuziba kwa simiti unyevu wabaki ndani na plasta yabanduka vipande vipande, nimeona kwa shangazi yangu nikasikitika sana.

Jambo jingine, nyumba zote nne nimeweka mifereji aina moja, vitasa aina moja, rangi krimu moja yenye namba ile ile. Nina mkebe nyumbani una washa za mifereji, floti ya tangi la choo, katriji mbili za mfereji na kitasa kimoja cha akiba, mpangaji akipiga simu sianzi kuzunguka mjini.

Na zile valvu, kila baada ya miezi mitatu napita nyumba zote nazifunga na kuzifungua, hata kama hazina shida, zisije zikaganda tena.